Ng'ombe Mwenye Kovu Chini ya Sikio

Vijana wa maabara, salamu zenu zimefika. Mmeniomba niwaeleze kazi ilikuwaje zamani, kabla ya hizo mashine zenu zinazohesabu chembe za damu zenyewe na kutapika karatasi. Barua yenu nimeisoma mara mbili, yaani nimesomewa mara mbili, maana herufi sizioni tena. Jicho la kulia ndilo nililokuwa nikichungulia nalo kwenye hadubini, na siku hizi linatoka machozi hata nikiwa sina huzuni. Kwa hiyo mimi nasema na mpwa wangu Onsongo anaandika. Ni mwalimu wa Kiswahili, kifungua mimba wa dada yangu Moraa, mtu mfupi hata viatu vyake havigusi sakafu akikaa kwenye kiti changu. Tangu tuanze amenisahihisha mara tatu na hatujamaliza salamu. Andika na hilo, Onsongo.

Nimechoka, wanangu. Sitaki mnihurumie, nawaambia tu mjue sauti inatoka wapi. Mtu akifanya kazi moja mpaka akastaafu, yale aliyoyafanya vizuri anayasahau yote. Makosa ndiyo yanabaki, na yanakuja kukaa naye jioni kama wageni wasiojua kuaga. Mimi ninalo moja. Niliwaua ng'ombe watatu wa mahari ya dada yangu kwa sababu ya kujua sana, na kwa kuwaua nikakaribia kumkosa mke niliyempenda. Hilo ndilo nitawaambia. Mkitaka historia ya idara, kaulizeni wengine.

Nilianza kazi Kisii mjini miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na cheti cha shule na viatu vya kuazima. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, hadubini mbili na meza ya simenti. Mkubwa wangu aliitwa Wafula, Mbukusu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alianza kwa kuwaoshea wazungu vioo vya hadubini mpaka akajua kuvisoma kuliko wao. Ukikosea alikuwa hagombi. Alikuuliza swali, kisha anakuacha nalo ujipige mwenyewe.

Wiki yangu ya kwanza alinipa damu ya ng'ombe niipake kwenye vioo vinne. Nikaipaka vizuri, nyembamba kama nilivyofundishwa, nikaviweka dirishani vikauke, nikaenda kunywa chai. Niliporudi Wafula alikuwa anachungulia kimoja.

"Ombati, huyu ng'ombe ana damu?"

"Anayo, mzee."

"Mbona kwenye kioo hakuna?"

Kumbe inzi! Walikuwa wamelamba kila kitu, wameacha madoa mawili matatu ya kuonyesha walikopita. Nilitamani sakafu inimeze. Wafula akafungua daftari la kazi akanisogezea kalamu. "Andika," akasema, "inzi wa Kisii wamekuja, wamepimwa, hawana ugonjwa." Tangu siku hiyo kioo changu kikikauka tu nakichovya kwenye spiriti, hata kama chai inapoa.

Maji ya bomba nayo yalikuwa yanaharibu dawa ya rangi. Kila kitu kilitoka kijani kama mboga ya chinsaga iliyochemshwa, chembe nyeupe huzijui wala nyekundu huzijui. Wafula akawa anakinga maji ya mvua kwenye chungu nyuma ya jengo, na mvua ya Kisii mnaijua, saa nane mchana haikosi. Kwa maji hayo rangi ilikaa sawasawa. Vioo vya kupeleka maabara kubwa ya huko Kiambu tulivitenganisha kwa njiti za kiberiti visigusane, tukavifunga kwa maganda makavu ya mgomba. Havikuvunjika. Ninyi mna masanduku ya plastiki na bado mnavunja, nimeambiwa.

Jambo moja alilonifundisha Wafula nataka mlishike. Mama mmoja muuza ndizi wa Daraja Mbili alileta kondoo aliyevimba chini ya taya, maji yamejaa hapo kama mfuko. Nikatazama damu yake asubuhi nzima. Nikasema sijaona minyoo.

"Minyoo iko ndani ya ini na tumbo, wewe unaitafuta kwenye damu?" Wafula akauliza. "Mtafute aliyeikasirikia."

Akanionyesha chembe nyeupe za aina moja zenye punje nyekundu ndani, nyingi kuliko kawaida. Hizo, alisema, huongezeka mwilini minyoo ikiingia. Adui yumo tumboni humwoni, lakini mlinzi aliyemkasirikia unamwona anapita barabarani na rungu. Ukijua mlinzi gani ametoka, unajua mwizi gani ameingia. Halafu akaniambia neno ambalo nililisikia kwa sikio moja likatokea la pili: "Kioo kinakuonyesha kilichopo. Maana yake hakikwambii."

Sasa tuje kwa ndigana, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Ninyi mnaijua kwenye vitabu. Sisi tuliijua kwa harufu. Kupe wa kahawia anakaa ndani ya sikio, anauma, na kidudu kinaingia. Baada ya wiki moja na kitu tezi iliyo chini ya sikio inavimba, unaishika inajaa kiganja. Tulikuwa tunatia sindano kwenye tezi ile, tunavuta maji kidogo, tunapaka kioo. Ukichungulia unakuta chembe nyeupe, na ndani yake mabonge ya samawati yenye nukta nyekundu nyekundu. Hapo unamwambia mwenye ng'ombe pole, kwa sababu dawa ya kuaminika hatukuwa nayo. Tulikuwa tunampa pole na kumwandikia risiti.

Ubaya wa kidudu kile ni kwamba hakiikimbii chembe nyeupe. Kinaingia ndani yake kikakaa. Kikishaingia, chembe inaanza kugawanyika ovyo, na kidudu kinagawanyika pamoja nayo, hata kila chembe mpya inazaliwa ikiwa imebeba mgeni wake. Tezi ikivimba, watu wanasema ni ugonjwa umejikusanya pale. Kumbe ni walinzi wenyewe, wametekwa, wanaongezeka kwa faida ya adui. Mara ya kwanza Wafula kunieleza hivyo nilikosa hamu ya chakula.

Wazee wa kwetu Manga hawakujua habari za chembe. Tezi ikivimba waliichoma kwa chuma cha moto. Ng'ombe wengi walichomwa na bado wakafa, lakini waliopona walibaki na kovu chini ya sikio, ngozi imekunjamana, haioti manyoya. Mimi niliwacheka wazee wale waziwazi. Nilikuwa na koti jeupe, nifanyeje.

Lazima niwaeleze na desturi, maana kuna wengine wenu si wa huku. Kwetu Gusii, ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya dada ndio kaka anaenda kuoa nao. Dada na kaka wanafungwa pamoja kwa ng'ombe hao. Mimi na Moraa tulikuwa hivyo. Baba yetu alikuwa amefariki, tulikuwa wawili tu kwa mama. Na mimi nilikuwa tayari na mchumba, Kwamboka, binti wa upande wa Keroka, mwenye kicheko cha kuangusha sufuria. Baba yake alikuwa amesema wazi: ng'ombe wa dada yako wakifika, njoo. Wasipofika, usije.

Moraa akachumbiwa na kijana wa Borabu, kwenye yale mashamba waliyoachia wazungu. Baba wa kijana, mzee Nyakundi, alikuwa na ng'ombe wa gredi, mbegu ya kizungu, weupe na wekundu, wanono, wanaogeshwa kwenye josho kila wiki bila kukosa. Kupe kwake ungemtafuta kwa tochi. Zizi la pili lilikuwa la ng'ombe wachache wa kienyeji aliokuja nao kutoka kijijini, vidogo vidogo, mbavu nje. Mbuzi na fahali wa kuchinja walikuwa wameshaletwa. Walibaki ng'ombe watatu wa kike, na tukaalikwa kwenda kuwachagua.

Tulienda Jumapili, maana sisi ni Wasabato na Jumamosi hatufanyi mambo ya mifugo. Kiongozi wetu alikuwa baba mdogo Ogeto, mdogo wa marehemu baba, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Mimi siku chache kabla nilikuwa nimepita pale na kibegi changu, kwa ruhusa ya mzee Nyakundi, nikatoa damu kwenye masikio ya ng'ombe wote, nikaenda kuitazama Kisii. Kwa hiyo Jumapili ile nilifika nikiwa najua kila kitu.

Baba mdogo aliingia zizi la kienyeji kwanza. Alikuwa hawaangalii kiwele wala mgongo. Alikuwa anapitisha kidole chini ya sikio. Akafika kwa jike mmoja mweusi, mdogo, manyoya yamesimama kama ufagio, akagusa, akatulia.

"Huyu," akasema. "Huyu amepita motoni."

"Yaya, baba mdogo," nikasema. Yaya kwetu ni hapana. "Huyo ni mgonjwa."

"Ugonjwa gani? Anatafuna."

"Nimemwona kwenye kioo. Ana vidudu kwenye chembe nyekundu. Vichache, lakini vipo. Na wale wawili wenye makovu, vilevile. Wale wa gredi watatu pale, damu yao ni safi kabisa. Hakuna hata nukta."

Baba mdogo akatia ugoro mdomoni. "Ombati, mchagua jembe si mkulima."

"Hii ni sayansi, baba mdogo."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Hadi leo nikiikumbuka sauti yangu natamani kuifuta. Mzee Nyakundi alikuwa amesimama mlangoni, akacheka bila kufungua mdomo. Sisemi alitaka kutudanganya. Angetupa wowote tuliowataka. Nafikiri hata alishangaa, maana alikuwa ameshamwona baba mdogo akichagua wenye makovu, na mimi ndiye nikawakataa.

"Mwenye macho amechagua," akasema. "Lakini Ombati, ukichagua mwenyewe kwa kioo chako, wakifa usiniletee ngozi."

Zamani ng'ombe wa mahari akifa mapema, ngozi inapelekwa kwa aliyemtoa, naye anatoa mwingine badala yake. Yeye akafunga mlango huo palepale, na mimi nikakubali huku nikitabasamu. Baba mdogo akatema ugoro na kutoka nje ya zizi.

Mitamba wetu watatu wakatembea kutoka Borabu hadi Manga. Watu walitoka njiani kutazama. Mama alipiga vigelegele mpaka akakosa pumzi. Nilipanga na baba mdogo kwamba watapumzika kwetu mwezi mmoja, wanone baada ya safari, kisha tuwapeleke Keroka kwa baba yake Kwamboka. Kwetu Manga wakati huo josho la karibu lilikuwa mwendo wa nusu siku, na ng'ombe walilishwa kando ya njia pamoja na ng'ombe wa kila mtu. Kupe walikuwepo, wamekuwepo tangu babu. Ng'ombe wa majirani walikuwa nao masikioni na wanacheua. Sikuona neno.

Siku ya kumi na mbili mtamba wa kwanza akaacha kula. Nilipewa habari nikiwa kazini, nikaja na baiskeli, kile kilima cha Manga nilikipanda nikiisukuma huku nikiomba Mungu iwe ni kitu kingine. Nikashika chini ya sikio. Tezi imejaa mkono. Nikatia sindano, nikarudi Kisii na kioo, nikakaa chini kwenye hadubini.

Yalikuwepo. Mabonge ya samawati kila mahali, chembe nyeupe zimejaa hata hazina nafasi. Sijawahi kuona kioo kilichojaa namna ile kabla ya hapo. Niliinua kichwa nikakirudisha mara tatu, kama mtu anayehesabu watoto akikosa mmoja.

Mtamba wa pili na wa tatu wakafuata ndani ya siku nne. Baba mdogo akaleta chuma chake, na mimi mwenye koti jeupe nikamshikia ng'ombe kichwa achomwe. Naam, nilimshika. Mkiwa hamna dawa mtashika chochote. Haikusaidia. Mapafu yao yalijaa maji, povu jeupe likitoka puani, na wakafa mmoja mmoja huku wamenyoosha shingo. Ng'ombe wa kienyeji wa majirani walisimama pembeni wakitafuna majani, kupe walewale masikioni.

Mama hakunigombeza. Alikaa jikoni siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Ombati, umemla dada yako," akaendelea kumenya ndizi. Ningependa zaidi anipige.

Nikaenda kwa Wafula nikiwa nimevunjika. Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anafuta lenzi.

"Damu ya mitamba wale ilikuwa safi?" akauliza.

"Safi kabisa, mzee. Nilitazama kila kioo mara mbili."

"Na yule mweusi mwenye kovu?"

"Alikuwa na vidudu."

"Na yuko wapi sasa?"

Nikaketi. Nikawa naliona jibu linakuja kama mtu anayekudai, nawe huna kona ya kukata.

"Yule mweusi aliugua akiwa ndama," Wafula akasema. "Akapigana, akashinda. Chembe zake nyeupe zimeshamjua adui. Mlinzi mmoja akitekwa, wengine wanamtambua kwamba huyu si mwenzetu tena, wanamuua pamoja na alichobeba. Vidudu vichache vinabaki kwenye chembe nyekundu, havimfanyi kitu, na zile nyeupe hazisahau. Wale wazuri wako damu yao ilikuwa safi kwa sababu hawajawahi kukutana na kitu chochote. Umewatoa kwenye josho ukawapeleka vitani na walinzi ambao hawajawahi kuona hata fimbo." Akaiweka lenzi chini. "Ulisoma kioo vizuri, Ombati. Sina kosa la kukuonyesha kwenye kusoma."

Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa ile maabara kubwa alikuja kutufundisha, akaeleza hayohayo kwa majina marefu na picha ukutani. Chembe nyeupe zinazoua chembe nyeupe wenzao zilizoambukizwa, na kwamba kinga ya ndigana inakaa hapo. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa namwona baba mdogo Ogeto akipitisha kidole chini ya sikio.

Ngozi sikupeleka. Neno lilikuwa limeshasemwa.

Baba yake Kwamboka alingoja. Nasema ukweli, alikuwa mwungwana. Alingoja mwaka na zaidi. Kisha mwenye duka mmoja pale Keroka akaanza kupeleka salamu, na mtu wa salamu akija na sukari kila mara, mzee yeyote anaanza kusikia. Kwamboka alinitumia neno kupitia binamu yake: baba amesema wimbi ukivunwa kabla hajaona ng'ombe hata mmoja, basi. Wimbi ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi. Nilikuwa nautazama kila nikipita, nikautamani uoze.

Siku moja ya Jumapili niko nyumbani kwa mama, nasikia mbwa wanabweka. Natoka, namwona Moraa anapanda kijia, mtoto wa miezi minne mgongoni, mkononi kamba, na nyuma ya kamba yule jike mweusi. Amemvuta kutoka Borabu peke yake. Mwanamke aliyeolewa kurudi kwao akivuta ng'ombe halikuwa jambo la kila siku, watu walikuwa wamesimama kwenye ua wakitazama mpaka wakasahau majembe yao.

"Nimekuletea mgonjwa wako," akasema.

Nikamuuliza amempataje. Akanieleza akiwa amesimama, anapumua. Alipofika kwa mume, mzee Nyakundi alimpa ng'ombe wa kumkamua kama bibi harusi anavyopewa. Akamchagulia yule mweusi, akasema, kaka yako amemkataa huyu kwa kioo, mkamue wewe. Lilikuwa neno la kumuumiza. Moraa akamkamua hivyohivyo. Ng'ombe yule hakuwa na maziwa mengi, lakini hakukosa hata siku moja. Aliposikia habari za wimbi, akaenda kwa baba mkwe akamwambia anamwombea kaka yake yule mweusi. Mzee akamwambia, ni wako, mpeleke, lakini usirudi hapa kuniomba mwingine.

"Na wewe utakamua nani?" nikauliza.

"Oa kwanza," akasema. "Mambo yangu niachie mwenyewe."

Nikaingia ndani nikatoka na kibegi. Sijui nilikuwa nawaza nini. Mkono umezoea. Nilikuwa nimeshatoa kioo na sindano, nimeshika sikio la ng'ombe, Moraa akanishika kifundo cha mkono.

"Weka hiyo sindano chini, Ombati. Mwangalie."

Nikamwangalia. Mdogo, mweusi, manyoya yamesimama vilevile. Chini ya sikio lile kovu, ngozi ngumu kama kisigino. Amesimama ametoka Borabu kwa miguu, na anatafuna. Nilikuwa nimefanya kazi ya ng'ombe miaka na miaka na sidhani kama kabla ya hapo nilikuwa nimemtazama mmoja. Nikalia, wanangu. Mama alitoka jikoni akaona, akarudi ndani.

Baba yake Kwamboka alipompokea alifanya kama baba mdogo, kidole moja kwa moja chini ya sikio. "Ameugua?"

"Ameugua, mzee. Akapona."

"Buya," akasema, vizuri. "Basi huyu hatanifia." Akamhesabu wa kwanza, akakubali wengine waje polepole jinsi Mungu atakavyonijalia, na walikuja polepole kweli. Mwenye duka akaoa kwingine. Kwamboka nimekaa naye mpaka juzi juzi tulipomzika, na kile kicheko bado nakisikia sufuria ikianguka.

Yule mweusi alizaa huko Keroka mara nyingi. Mashemeji zangu wawili walioa kwa ndama zake.

Nyinyi mtaniuliza somo ni lipi. Someni vioo vyenu, mashine zenu ni nzuri, nasikia. Ila nimechoka na watu wanaouliza somo. Kuna jambo moja sijamaliza na nimelizunguka tangu mwanzo.

Moraa hakupewa ng'ombe mwingine mpaka mwaka ukapita na wa pili ukaingia. Mwaka wake ule ulikuwa mbaya, alikuwa na homa za kila mara, na maziwa yake mwenyewe yalikatika mapema. Yule mtoto wa mgongoni alilelewa kwa uji mwepesi wa wimbi, bila maziwa, huku maziwa ambayo yangekuwa yake yakinywewa Keroka ili mimi nioe. Aliishi. Wadogo zake wote waliozaliwa baada ya Moraa kupata ng'ombe ni warefu, wamempita kwa kichwa kizima. Labda si kwa sababu hiyo. Nimeangalia vioo maisha yangu yote na hicho hakuna anayeweza kunisomea. Kila akija kunisalimia, akiinua mkono kunitundikia koti langu na asifikie msumari, mimi hutazama pembeni.

Hajawahi kuniuliza. Mimi sijawahi kumwambia. Nimengoja mpaka nimekosa macho, nikatumia barua yenu kama kijiti cha kusukumia.

Onsongo ameweka kalamu chini.

Nimemwambia aandike na hilo, kwamba ameweka kalamu chini. Kisha ameichukua tena, na hili ninalosema sasa ni maneno yake mwenyewe, ameniruhusu niyataje:

"Mjomba, mama aliniambia nikiwa darasa la nne. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."